Kazi na Uhuru: Nusu Iliyosahauliwa

Kila Januari vyuo vikuu vingi vya Marekani huandaa makongamano ya kumkumbuka Martin Luther King. Mara nyingi makongamano hayo huwa na kasoro moja: historia ya haki za kiraia husimuliwa kama hadithi iliyokwisha, ikianzia mabasi ya Montgomery mwaka 1955 na kukomea kwenye sheria za 1964 na 1965. Umaskini wa leo hujadiliwa katika kikao kingine, kana kwamba ni jambo geni.

Lakini maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963 yaliitwa ya Kazi na Uhuru, na miongoni mwa madai yake palikuwa na mshahara usiopungua dola 2 kwa saa. King aliuawa Memphis mwaka 1968, alikokwenda kuwaunga mkono wazoataka waliogoma. Hata sheria ya kura ya 1965 ilipunguzwa nguvu na Mahakama Kuu mwaka 2013. Hadithi haijesha.

Kiswahili chatoa kipimo kizuri hapa. Neno “haki” hubeba pamoja mambo mawili ambayo Kifaransa huyatenga: kile mtu alichopewa na sheria, na kile anachostahili kwa uadilifu. Kongamano linaloadhimisha la kwanza na kuliahirisha la pili limefasiri nusu ya neno. Yafaa mwanahistoria na mchumi waketi katika kikao kimoja, na mzoataka naye apewe nafasi ya kusema.