Sauti ya Huzuni katika Nyimbo za Njia ya Tabora

Watu waliofunzwa muziki shuleni kwa do, re, mi wana desturi ya kuhukumu wimbo upesi. Ukiwa katika ngazi ya meja husemwa kuwa ni wa furaha. Ukiwa katika ngazi ya maina husemwa kuwa ni wa huzuni au wa kutisha. Kwa kipimo hicho ni rahisi mno kuziita nyimbo za njia ya zamani ya misafara maombolezo, hasa kwa kuwa taabu ya wapagazi yajulikana na kila mtu.

Hukumu hiyo haikosi asili. Ngazi ya maina huanzia la, na sauti yake ya tatu iko nusu sauti tatu tu juu ya mwanzo, badala ya nne. Watunzi wa Ulaya waliipandisha so nusu sauti ili iivute la kwa nguvu. Hapo baina ya fa na so likazaliwa pengo pana, na msikilizaji hushtuka kama mtu aliyekosa kidato gizani. Waarabu na Waswahili waliojenga matembe Unyanyembe hawakungoja kufundishwa pengo hilo. Limo katika makamu ya hijazi, ambayo masikio ya pwani yameizoea katika taarabu na katika adhana, wala hakuna asemaye kwamba adhana ni kilio.

Lakini msafara uliotoka Bagamoyo, katika mwendo wake wa takriban kilomita 800 hadi Tabora, ulipita kwanza Ugogo na kulipa hongo. Nyimbo za Wagogo hazimo katika meja wala maina. Ngazi yao hufuata sauti ambazo maumbile yenyewe huzizaa juu ya sauti moja ya chini, tangu ya nne hata ya tisa. Baina ya ya nne na ya tano pana nafasi ya meja. Baina ya ya tano na ya sita pana nafasi ya maina. Baina ya ya sita na ya saba pana nafasi iliyo finyu zaidi, senti 267, na kinanda hakina nafasi hiyo, kwa maana maina yake ni senti 300. Zote tatu huweza kukaa katika wimbo mmoja, uwe wa harusi au wa jando. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliisikizisha dunia ngazi hiyo kwa ilimba na zeze. Wageni wengi wangeweza kusikia majonzi mahali ambapo Mgogo husikia ngoma tu.

Na wapagazi je? Burton, aliyefika Kazeh Novemba 1857, alieleza msafara uliokwenda kwa kuimba, kupiga mbinja, ngoma na baragumu, na kuiga milio ya ndege na wanyama. Watu hao walikuwa na mzigo wa frasila mbili hivi mabegani! Msisimko wa uimbaji wa namna hiyo watokana na kiongozi kutupa neno, kimya kifupi kufuata, kisha kundi zima kuitika kwa mguu mmoja. Badili ngazi, msisimko utabaki. Ondoa kimya kile, utakufa.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ya upagazi ilififia, na nyimbo za kale zikabaki kwa wazee, kwa ngoma na kwa kwaya. Hapa ndipo pana hatari ya kweli. Mwalimu wa kwaya atakayeandika wimbo wa Ugogo kwa kufuata kinanda hana budi kuivuta sauti ya saba juu au kuisukuma chini. Akiivuta juu, nafasi hiyo itakuwa ya maina, na wanafunzi wake wataambiwa kuwa babu zao walikuwa wakilia. Heri aunase kwanza kwa sauti za waimbaji wenyewe, bila kinanda, ndipo ashike kalamu.