Pongezi kwa Wahudumu wa Afya wa Rusizi

Juni 2020, Uviko-19 ulipopamba moto, safari za kuingia na kutoka wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda, zilisitishwa. Kamembe, mji wa wilaya hiyo uliozoea pilikapilika za kwenda na kurudi Bukavu, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, ukatulia. Ilibidi huduma ziwafuate watu majumbani, na kazi hiyo ikawaangukia abajyanama b'ubuzima, wahudumu wa afya wanaochaguliwa na wanakijiji wenzao na kujitolea bila mshahara. Baadaye mwaka huohuo, Rwanda ilipoanza kuwauguza nyumbani wagonjwa wasiozidiwa, wao ndio waliowafuatilia: huyu homa imeshuka? Yule anapumua vizuri? Malaria nayo haikwenda likizo. Waliendelea kupima watoto na kuwapa dawa. Hongereni sana, ndugu zetu. Mnastahili heshima ileile apewayo daktari.