Ufundi wa Kusemezana

Mvua za kwanza zinapokaribia, kijiji cha Usukuma kina jambo la kuamua: malisho ya upande upi yafungwe? Eneo lililofungwa ndilo ngitili. Ng'ombe hawaingii humo msimu mzima wa mvua. Nyasi hukua, visiki vya migunga huchipua, na kiangazi kinapokaza, mwezi wa Julai au Agosti, ngitili hufunguliwa kwa maksai, ndama na mifugo iliyodhoofika. Jambo linaonekana dogo. Lakini mwenye ng'ombe mia na mwenye mbuzi watatu hawalioni kwa jicho moja, wala mama anayetafuta kuni, wala kijana anayekata magogo ya kushikilia kuta za mashimo ya dhahabu upande wa Kahama na Geita. Kuwafikisha wote hao kwenye neno moja ni kazi ya ufundi, na karakana yake ni dagashida, baraza la jadi la Wasukuma.

Aliyenifundisha kulitazama baraza kama ufundi hakuwa Msukuma. Ni Ernest Wamba dia Wamba, mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 1942 huko Sundi-Lutete, Kongo ya Chini, akasoma na kufundisha Marekani, kisha mwaka 1980 akaja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufundisha historia. Mwaka uliofuata alikwenda kwao Zaire, akakamatwa na serikali ya Mobutu kwa sababu ya maandishi yake. Aliporudi Dar es Salaam aliendelea kuuliza swali lile lile: watu wa kawaida hufikirije pamoja, na nani aliwaambia wasomi kwamba kufikiri ni kazi yao peke yao?

Jibu lake alilitafuta kwenye baraza la Wakongo, mbongi, na kwa mafundi wake waitwao nzonzi. Nzonzi si hakimu. Anajua methali na wimbo unaofaa, anajua kukaa kimya, na zaidi ya yote anajua kusikiliza mpaka aweze kulirudia neno la mwenzake bila kulipotosha. Wamba aliandika juu yao katikati ya miaka ya 1980 kwa uangalifu ambao wanafalsafa wengi huuweka kwa vitabu vya Ulaya. Kwake, baraza lilikuwa mahali pa kuutoa ugomvi hadharani, si pa kuufunika.

Sasa tulitazame dagashida kwa jicho hilo. Kwanza shauri hutajwa waziwazi, kwa sababu shauri lililotajwa nusu huzaa maamuzi nusu. Banamhala, yaani wazee, hawaanzi kwa kutoa hukumu. Wanaacha watu waseme. Msemaji anaeleza mpaka wa zamani ulipita wapi, kwenye kichuguu kipi, mti upi, mkondo upi wa maji, mwingine anamsahihisha. Kumbukumbu ya ardhi inajengwa upya hapo hapo, kipande baada ya kipande. Mtu mwenye hasira haambiwi anyamaze. Anaachwa amalize, kisha mzee anayarudia maneno yake kwa sauti ya chini, makali yameondolewa, hoja imebaki. Kwangu hapo ndipo penye ufundi wote. Ukiondoa hoja pamoja na makali, umemdhulumu. Ukiyaacha makali, shauri linawaka tena.

Kisha huja hatua ambayo mgeni huiona kama uvivu: mambo yale yale yanarudiwa. Lakini kila duru mpya ina kitu kimepungua. Aliyepinga eneo zima sasa anapinga kona moja ya kisimani. Aliyetaka adhabu ya ng'ombe sasa anakubali mbuzi. Mzee mzuri anaijua duru ya mwisho ilipofika, na haiharakishi kwa dakika moja. Baada ya hapo ndipo hutangazwa mpaka, muda wa kufunga, na faini, ambayo Wasukuma huiita mchenya. Kulinda ni kazi ya sungusungu, ulinzi wa jadi ulioibuka upya pande za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa muda mrefu sauti za wanawake katika mabaraza haya zimekuwa chache, na hiyo ni kasoro ya kazi yenyewe, kwa sababu anayebeba kuni kutoka mbali anaijua mipaka ya msitu kuliko mwenye mifugo.

Kazi hii inapimika. Miti ya Shinyanga, humo humo Usukuma, ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kuwaondoa mbung'o, kisha kupisha pamba. Watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mradi ulipanda miche. Ngitili zilienea pale ulipozirudisha taasisi za wenyeji katikati ya kazi. Ulipofungwa mwaka 2004, hekta zaidi ya 300,000 zilikuwa zimerudi, katika vijiji zaidi ya 800.

Wamba mwenyewe alipita njia ngumu zaidi. Agosti 1998, mzee wa miaka hamsini na sita, aliwekwa kuongoza kundi la waasi la RCD mashariki ya Kongo. Mwaka uliofuata kundi lilipasuka, na Rwanda na Uganda, zilizokuwa nyuma yake, zikapigana Kisangani. Sioni namna ya kuitetea safari ile. Nzonzi hawezi kufanya kazi mahali ambapo asiyekubaliana naye ana bunduki. Baadaye alirudi kwenye mazungumzo ya amani, akawa seneta, akaendelea kufundisha mbongi mpaka alipofariki Julai 2020.

Ukitaka kuona alichokuwa akikieleza, usianzie Kisangani. Nenda Shinyanga mwezi wa Agosti, ngitili inapofunguliwa, kwa maana siku hiyo baraza hukutana tena: kuhesabu waliovunja mpaka, kuuliza kama faini ilikuwa nzito mno, na kuamua kona ya kisimani ibaki ndani au itoke msimu ujao.