Kubisha Hodi na Kuibia: Jicho la Mpiga Picha wa Mitaani

Wahakiki wa sanaa nchini mwetu wameandika mengi juu ya ushairi, ngoma, uchongaji na tamthilia, lakini upigaji picha wameupita kando kana kwamba ni kazi ya mashine tu, isiyo na fani wala maudhui. Kijana anayetaka kupiga picha za mitaani, yaani picha za watu wakiwa katika shughuli zao za kila siku bila kupangwa wala kuelekezwa, humpata upesi mtu wa kumfundisha kuitumia kamera, lakini hampati wa kumfundisha kutazama. Katika makala haya tunakusudia kulijadili jambo hili la pili: jicho la mpiga picha hutoka wapi, hukuzwa vipi, na kwa nini wengi wa wapiga picha wetu, ambao wana vyombo bora kuliko vya wale waliowatangulia, bado wanaitazama mitaa yao wenyewe kwa jicho la kuazima.

Tuanze na picha moja yenye jina la kwetu. Mnamo mwaka 1930 hivi, Martin Munkácsi, Mhungari aliyekuwa akiyafanyia kazi magazeti ya Berlin, alipiga picha ya wavulana watatu wa Kiafrika wakiyakimbilia mawimbi. Tunawaona kwa mgongo, weusi kama vivuli, mikono na miguu yao ikikata mapovu meupe ya maji. Picha hiyo imejulikana duniani kama picha ya wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliiona akiwa kijana, muda si mrefu baada ya kurudi kwao kutoka Côte d'Ivoire, alikokuwa akiishi kwa kuwinda mpaka akaugua nusura afe. Baadaye alieleza mara nyingi kwamba picha hiyo ndiyo iliyomwamsha, kwamba kwayo alitambua kuwa kamera inaweza kuukamata umilele ndani ya nukta moja ya wakati. Mwaka 1932 alijipatia kamera ndogo ya Leica akaanza kuzunguka mitaani, na tangu hapo wapiga picha wa mitaani wa nchi nyingi wamejifunza kwake.

Msomaji anaweza kutaka kujivuna kwamba sanaa hii imechipuka katika ufuko wa ziwa letu. Tusiharakishe. Wapo watafiti wanaosema kwamba picha ile ilipigwa Liberia, nchi ambayo Munkácsi alipelekwa na gazeti lake katika miaka hiyo. Majina ya wavulana wale hayakuandikwa pamoja na picha yao. Basi picha iliyofumbua jicho la fundi mkubwa wa Ulaya iliweza kuhamishwa kutoka pwani ya magharibi ya Afrika hadi katika ziwa lililo upande wa pili wa bara, na kwa miaka mingi wala uzuri wake haukupungua wala mtazamaji hakuona kasoro. Hapo ndipo ulipo mjadala wetu. Picha inaweza kuwa kamilifu kwa umbo, na bado isiwajue watu waliomo ndani yake.

Hata hivyo Cartier-Bresson ana somo moja kwetu, nalo si lile linalorudiwa kila mara juu ya wepesi wa kidole. Kabla ya kushika kamera kwa dhati alikuwa amesomea uchoraji kwa André Lhote, mwalimu aliyesisitiza mno mpangilio na vipimo vya umbo. Kwa hiyo jicho lake lilikuwa limekwisha kufundwa na sanaa ya kwao. Ilhamu haikumshukia mtu aliye mtupu. Ilimkuta ana akiba. Vijana wetu hudhani kwamba ilhamu husubiri mahali pa mbali, na kwamba mtu akishapata nauli ya kwenda Lamu au Unguja au Paris, picha zitakuja zenyewe. Safari humpa mtu vitu vipya vya kutazama, lakini haimpi jicho. Mwenye kuchoshwa na mtaa wake baada ya wiki mbili atachoshwa na Paris katika wiki ya tatu.

Je, sisi tuna akiba gani? Tunayo, na mara nyingi tumejifunga kiunoni. Kanga ina mji na ina pindo. Mji ndio uwanja wa katikati wenye ua kubwa. Pindo huzunguka pande zote nne na kuuzuia mji usimwagike. Na chini ya mji kuna jina, yaani maneno yanayosema na anayeyasoma. Mwanamke anayechagua kanga dukani hatazami mji peke yake. Atalikunjua pindo, ataona kama rangi zake zinasikilizana na za mji, kisha atasoma jina na kufikiri ni nani atakayelisoma mgongoni mwake. Mpiga picha mchanga, kinyume chake, hutazama mji tu. Huona uso wa muuza kahawa, akabonyeza, na hakuona kwamba pembeni mwa picha kuna nusu ya gari, mkono usio na mwenyewe, na nguzo ya umeme inayomwota mzee kichwani. Hakulitazama pindo. Tungependa kila anayeanza kazi hii afanye zoezi la kuzunguka kingo nne za picha kwa jicho kabla hajabonyeza, hata kama kwa mwezi mzima hatapata picha moja ya maana.

Ama kuhusu jicho la kuazima, historia yake ni ndefu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, studio za Unguja kama ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho zilipiga na kuuza picha za mji na watu wake, na nyingi zikawa postikadi za kununuliwa na wageni waliopita kwa meli. Ufundi wao ulikuwa mkubwa, na leo tunazishukuru kwa kutuhifadhia majengo yaliyokwisha kubomoka. Lakini katika postikadi zile mtu hakuwa mtu, alikuwa mfano wa aina: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, muuza maji. Maelezo ya chini yalimtaja kwa kabila au kazi, na safari ya picha ilikuwa kumwendea mtu wa mbali asiyemjua. Postikadi hiyo haikufa. Tazama picha zinazosifiwa leo: mlango wa nakshi na mzee mwenye kofia, jahazi na jua likizama, kijana wa Kimaasai aliyeruka hewani. Sasa anayezipiga ni kijana wa Ilala au Mombasa, na anazipiga kama abiria aliyeshuka melini saa ile ile.

Inafaa kulinganisha na studio iliyofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930, ambayo baadaye ilirithiwa na mwanawe Rohit. Humo mtu aliingia kwa miguu yake, amevaa alivyotaka, akachagua asimame au aketi, akalipa, akaondoka na sura yake. Alikuwa na mamlaka juu ya picha. Mtaani mamlaka hayo humponyoka. Hapigwi kwa sababu ametaka. Hupigwa kwa sababu alipita. Ndiyo maana tunasema kwamba suala la jicho haliwezi kutengwa na suala la adabu.

Kitabu mashuhuri cha Cartier-Bresson kilichotoka mwaka 1952 kiliitwa kwa Kifaransa Images à la sauvette. Toleo la Kiingereza lilipewa jina jingine, lenye maana ya wakati wa kukata shauri, na jina hilo ndilo lililoenea na kuwafanya watu wengi wadhani kwamba sanaa yote ni kuotea nukta ya wakati. Jina la Kifaransa lina ladha nyingine kabisa. Husemwa juu ya mchuuzi asiye na leseni, anayeuza huku akichungulia askari, tayari kukunja bidhaa zake na kutoweka. Sisi tungesema picha za kimachinga, au picha za kuibia. Fundi yule aliifunika kwa utepe mweusi sehemu ya kamera iliyong'aa, ili watu wasimtambue. Alikiri kwa vitendo kwamba anachukua kitu ambacho hakupewa.

Je, mwendo huo unafaa katika mitaa yetu? Jawabu letu ni kwamba aghalabu haufai, na si kwa sababu ya maadili peke yake bali hata kwa sababu ya fani. Katika mtaa wa Waswahili mtu asiyeamkia ndiye anayeonekana zaidi. Mgeni akipita mbele ya baraza bila salamu, mazungumzo hukatika na macho yote humfuata. Hapo picha imekwisha kuharibika kabla hajainua kamera. Aliyeamkia, akakaribishwa, akaketi, akanywa kahawa, akazungumza bei ya mchele, huyo husahaulika. Wapo watakaopinga wakisema kwamba ukibisha hodi watu watajipanga, watanyoosha migongo na kutabasamu, na uhai wote utatoweka. Ni kweli, kwa robo saa ya kwanza. Wapige katika kujipanga kwao, uwape heshima yao, kisha ukae. Robo saa ya pili bao litawarudisha katika mambo yao, na wewe utakuwa umebaki pale kama mmoja wa wanaosubiri zamu.

Hapana budi tutoe hadhari hapa. Kuna mahali ambapo kuibia ni haki. Ernest Cole, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1940, alipata msukumo wake kutoka katika kitabu cha Cartier-Bresson kuhusu watu wa Moscow. Alitumia mbinu ile ile ya kujificha kupiga picha za watu wakikamatwa kwa sababu ya pasi, na za wachimba migodi waliopangwa uchi ukutani wakipimwa afya. Kitabu chake, House of Bondage, kilitoka mwaka 1967 akiwa tayari uhamishoni, nacho kikapigwa marufuku nchini mwake. Angebisha hodi kwa nani? Yeye alimwibia mwenye nguvu, na waliomo katika picha zake walikuwa upande wake. Kijana anayemwibia picha mama lishe anayefuta jasho, kisha akaisambaza apate sifa, asijifananishe na Cole.

Twende Kariakoo, maana bila mahali maalumu maneno haya yataelea. Jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lina paa la miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, na chini yake mwanga huingia kwa vipande. Tumewahi kutazama picha mbili za soko hilo zilizopigwa na vijana wawili tofauti. Ya kwanza inaonyesha umati kutoka juu. Ni nzuri, ina rangi nyingi, na inaweza kuwa ya soko lolote la joto duniani. Ya pili inamwonyesha mtu wa mkokoteni ameusimamisha pale hasa ambapo kivuli cha mwavuli kinakatika, anahesabu noti, na nyuma yake muuza ndimu anamtazama kwa namna ambayo kila mwenye kudai fedha huijua. Picha hii imejaa habari. Aliyeipiga alituambia kwamba alikuwa akienda pale kila Jumamosi kwa miezi, mara nyingi kamera ikiwa ndani ya mfuko.

Kurudi mahali pamoja humfundisha mtu hata jua. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini. Macho ya watu huzama katika mashimo ya kivuli. Saa moja na nusu asubuhi mwanga hulala ukutani na kuurudisha uso wa mtu kwa upole. Tena kipimo cha mwanga ndani ya kamera hukisia kwamba kila kinachotazamwa kina weupe na weusi wa wastani. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa hukipotosha kipimo hicho: kamera hupunguza mwanga, na uso unabaki kivuli. Munkácsi alikitumia kivuli kwa kusudi la umbo. Katika mtaa wako mwenyewe, jirani asiye na macho wala mdomo si mtindo. Pima mwanga wa uso wake kwanza, kanzu iache iungue kidogo.

Mwezi Julai 2021 soko lile liliungua. Picha zilizopigwa humo kabla ya moto zimegeuka kumbukumbu kwa siku moja, hata zile za ovyo. Katika zile tulizoziona, moja tu ilikuwa imeandikwa nyuma mwaka, kizimba na jina la muuzaji. Nyingine ni nyuso nzuri chini ya miavuli ya zege, na anayeuliza huyu ni nani na alikuwa akiuza nini hajibiwi.