Litungu: Ni Zeze au Ni Kinubi?

Katika arusi moja niliyohudhuria mjini Musoma, mshereheshaji alipomkaribisha mzee wa Kikurya aliyekuja na litungu lake, alimtangaza kuwa bingwa wa zeze. Na ijapokuwa ukumbi mzima ulishangilia, neno lile lilinikaa moyoni, kwa kuwa nimelisikia Bunda na Butiama vilevile, aghalabu vinywani mwa watu waliozaliwa chombo hicho kikipigwa.

Zeze ni chombo chenye mpini: uzi mmoja, au akali ya nyuzi, hupita juu ya mpini huo hadi kwenye kibuyu, na mpigaji huubana kwa vidole, mara hapa mara pale, ili kuufupisha, hata uzi uleule ukatoa sauti nyingi. Ndivyo lilivyo zeze la Wagogo, lipigwalo kwa upinde, ambalo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilifikisha hadi majukwaa ya Ulaya.

Litungu halina mpini. Ni gogo lililofukuliwa likawambwa ngozi ya ng'ombe, likachomekwa miti miwili iliyoachana mithili ya pembe, na juu yake ukakingamishwa mti wa tatu ambao nyuzi 8 hushuka kutoka kwake. Pale arusini nilisogea nikamtazama mzee akililinganisha: hakubana uzi hata mmoja, bali alizungusha kitambaa kilichoushika uzi juu ya mti ule, akaukwanyua, akatega sikio, akazungusha tena, hata kila uzi ukapata sauti yake, na tangu alipoanza kupiga hadi alipomaliza, hapana uzi ulioazima sauti ya mwenziwe.

Kwa hiyo jamaa ya litungu ni kinubi, neno ambalo umbo lake latuelekeza kwa Wanubi. Na kwa hakika vyombo vya jinsi hii vyaonekana tangu Nubia hata kwa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii, majirani zetu. Walakini kinubi nacho ni kipana mno, maana hubeba pia adungu ya Waaluri wa Uganda, ambayo nyuzi zake hutoka kwenye shingo iliyopinda, pasipo mti wa kukingama. Mimi naona litungu lastahili kuingia katika Kiswahili kwa jina lake.

Nilimwamkia mzee, kisha nikamwuliza chombo chake huitwaje.

"Iritungu," akanijibu, na mkono wake ungali juu ya kitambaa.