Jinsi Deni Lilivyozaa Mgogoro wa 2008

Mgogoro wa mikopo hulipuka siku wakopeshaji wanapoacha kuaminiana, lakini huandaliwa miaka mingi kabla, wakati kukopa ni rahisi na thamani ya dhamana inapanda. Ndivyo ilivyokuwa Marekani.

Juni 2003 Benki Kuu ya nchi hiyo ilishusha riba yake hadi asilimia 1. Bei za nyumba zikapaa, na wakopeshaji wakawafuata hata watu wenye kipato kidogo au historia mbaya ya kulipa. Mikopo mingi ya aina hiyo ilikuwa na riba ndogo kwa miaka 2 tu, kisha ilipanda. Mkopaji alitegemea nyumba yake izidi kupanda thamani ili apate mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani.

Wakopeshaji waliiuza mikopo hiyo kwa benki za uwekezaji, zilizoikusanya kwa maelfu na kuigeuza hati za kuuzia wawekezaji. Kampuni za kupima ubora wa madeni zikazipa nyingi kati ya hati hizo daraja la juu kabisa. Kwa kuwa hasara ilihamia kwa mnunuzi, aliyetoa mkopo hakuwa tena na sababu ya kumchunguza mkopaji.

Kufikia Juni 2006 riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 5.25. Bei za nyumba zikaanza kushuka na wadaiwa wengi wakashindwa kulipa. Hasara hiyo iliziangukia pia benki zilizobaki na hati hizo, ikageuka maafa kwa sababu ya madeni ya benki zenyewe. Benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilikuwa na mali ya takriban dola 30 kwa kila dola 1 ya mtaji, hivyo mali ikishuka thamani kwa asilimia 4 tu, mtaji wote unakwisha. Tena, sehemu kubwa ya fedha za kununulia mali hiyo ilikopwa kwa muda mfupi, nyingine kwa usiku mmoja, ilhali mali iliyonunuliwa ilihitaji miaka kulipa. Wadai walipokataa kukopesha tena, benki ziliuza mali kwa bei ya kutupa, na kila mauzo yakazidi kushusha thamani ya mali za wengine.

Lehman ilifilisika tarehe 15 Septemba 2008. Siku iliyofuata serikali iliiokoa kampuni ya bima ya AIG kwa mkopo wa dola bilioni 85. Kanuni za kimataifa za benki ziitwazo Basel III, zilizotolewa 2010, zililenga udhaifu wa mtaji mdogo na mikopo ya muda mfupi: mtaji uongezwe, na kila benki iwe na akiba ya kuhimili siku 30 za wadai kudai fedha zao.