Kidonge cha Majira Kilichosahaulika Ukingoni

Gari la mboga kutoka Nyandira, katika milima ya Uluguru, huondoka usiku. Mama mwenye magunia ya karoti hushuka nalo hadi Mzumbe, kisha mjini Morogoro, awahi soko la Chifu Kingalu. Bei ikiwa mbaya hulala huko siku 2 au 3, na pakiti yake ya vidonge vya majira imebaki chini ya godoro, kule mlimani. Akirudi, swali lake ni moja: nimeze vyote kwa mpigo au niache?

Jibu limo katika jinsi pakiti ilivyoundwa. Ya kawaida ina vidonge 28: 21 vya homoni, na 7 vya kahawia ambavyo mara nyingi ni madini ya chuma tu. Homoni huzituliza ovari zisipevushe yai, na kuzilaza kabisa huchukua vidonge 7 mfululizo. Zikishalala hustahimili siku 7 bila homoni, na hizo ndizo siku za vile vya kahawia. Pengo likizidi hapo, ovari huanza kuamka.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wamefundishwa kuhesabu siku za hatari, basi huogopa zaidi kusahau katikati ya pakiti. Hesabu ile ni ya mzunguko usio na vidonge. Kwa anayemeza, hatari kubwa iko ukingoni, kwenye vidonge vinavyopakana na vile vya kahawia, kwa sababu kukosa hapo hurefusha pengo. Hata kuchelewa kuanza pakiti mpya ni kusahau vidonge.

Tumrudie mama wa Nyandira. Kama amekosa kimoja, akimeze mara akumbukapo, na cha leo akimeze kwa saa yake hata kama ni viwili siku moja. Kwa viwili, Shirika la Afya Duniani linasema hatari bado ni ndogo, ila mwongozo wa Marekani unataka kondomu kwa siku 7. Mimi nafuata ule mkali. Kondomu za wiki moja ni mzigo mdogo kuliko mimba isiyotarajiwa. Kwa vitatu au zaidi hakuna ubishi: ameze kimoja cha homoni mara moja, aendelee kimoja kila siku, na atumie kondomu mpaka afikishe siku 7 za kumeza bila kukosa. Vilivyorundikana asivimeze kwa mpigo. Ikiwa yuko wiki ya tatu, amalize vya homoni, atupe vya kahawia vyote 7, na kesho yake aanze pakiti mpya. Hedhi ya mwezi huo huenda isije, na kidonge hakijamdhuru. Akisahau vya kahawia, avitupe tu, mradi pakiti inayofuata asiichelewe.

Kama alikutana na mwenzi wake ndani ya siku 5 zilizopita, aulize zahanati au duka la dawa kuhusu P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Kila saa inayopita huipunguzia nguvu, basi asingoje gari la kesho.

Anayenyonyesha huwa amepewa vidonge vya aina nyingine, vya homoni moja, visivyo na vya kahawia. Hivyo havisamehe. Hedhi ikiwa imeshamrudia, kuchelewa saa 3 tu kunamtaka ameze mara moja na atumie kondomu siku 2.

Kusahau si uzembe wa wanawake wa shambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mhandisi wa Illinois, Marekani, David Wagner, alitengeneza kibweta cha kuonyesha siku kwa kuwa yeye na mkewe walikuwa wakibishana kama kidonge cha siku kimemezwa. Mpangilio wa siku kwenye pakiti zetu unatokana na ubishi wa aina hiyo.

Lakini mpangilio haumsaidii mama ambaye pakiti yake imekwisha, masika imeharibu barabara na zahanati iko bonde la pili. Manesi wa Uluguru, msimpe pakiti moja na kumwambia arudi mwezi ujao. Shirika la Afya Duniani linaruhusu apewe hata pakiti 13, za mwaka mzima.